Kupaka rangi ndani ya bloku ya injini ya gari la kale: mwongozo kamili tangu kuosha hadi kufunga

Mtu akifungua injini ya gari la kale na kukuta kuta za chumba cha krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) zimepakwa rangi nyekundu kama tofali, huenda akadhani kwamba fundi aliyetangulia alikuwa na kopo la rangi iliyobaki na hakujua pa kuimalizia. Sivyo. Rangi hiyo huwekwa kwa makusudi, na baadhi ya viwanda vya zamani vilikuwa vikiipaka vyenyewe kabla injini haijafungwa. Kazi yake ni kuziba vinyweleo vya chuma cha kusubu, kuzishika mahali pake chembe za mchanga zilizobaki tangu siku bloku iliposubiwa, kuzuia kutu katika injini inayokaa miezi mingi bila kuwashwa, na kulainisha kuta ili oili iteremke kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, bila kung'ang'ania.

Faida hizo ni za kweli, ingawa si kubwa kama wanavyozisifu wapenzi wa mbio za magari. Hasara inayoletwa na kazi mbaya ndiyo kubwa. Ganda la rangi lenye upana wa ukucha likibanduka halina pengine pa kwenda ila kwenye sampu, na kutoka hapo huvutwa hadi kwenye chujio la pampu ya oili. Maganda matatu au manne yakijipanga juu ya wavu wa chujio, beringi za krenki, yaani vikalio inamozungukia, hukosa oili, na injini iliyogharimu miezi ya kazi huharibika kwa muda mfupi. Ndiyo maana nashikilia sharti moja kabla ya yote: bloku ambayo huwezi kuisafisha hadi kitambaa cheupe kipite ndani na kutoka cheupe, usiipake. Injini isiyopakwa rangi ndani hufanya kazi maisha yake yote bila lawama.

Chuma chenyewe na mchanga wake

Bloku nyingi za magari ya kale ni za chuma cha kijivu kilichosubiwa katika kalibu za mchanga. Uwazi wa ndani, yaani chumba cha krenki, vyumba vya maji na njia za kurudishia oili, ulitengenezwa kwa maumbo ya mchanga ulioshikamanishwa kwa viungo kama mafuta ya kitani na kuokwa hadi ukawa mgumu. Chuma kilichoyeyuka kilipomiminwa kuyazunguka maumbo hayo, kilikuwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,300 za Selsiasi, na mchanga uliogusana nacho haukutoka wote. Sehemu nyingine ulichomekea kwenye ngozi ya chuma na kukaa humo kama changarawe kwenye saruji.

Nyuso za silinda, za beringi na za gasketi zilichongwa kwa mashine, kwa hiyo mchanga wake uliondoka. Kuta za chumba cha krenki, kwa upande mwingine, hazikuguswa na chombo chochote. Pitisha kidole juu yake na utahisi ukali wa msasa. Injini za Ford V8 zilizoanza kuuzwa mwaka 1932 zinafahamika miongoni mwa mafundi kwa mchanga unaotoka katika vyumba vyake vya maji hata baada ya miongo mingi, na anayedhani kwamba mchanga wa namna hiyo hauwezi kubaki pia upande wa oili anajidanganya. Aidha, chuma cha kijivu kina vipande vidogo vya grafiti vilivyotawanyika ndani yake, na uso wake hufyonza oili kiasi kwamba bloku iliyooshwa leo asubuhi huweza kuwa na utelezi wa mafuta jioni.

Rangi inayofaa

Rangi iliyozoeleka kwa kazi hii ni Glyptal, enameli (rangi ngumu laini) ya utomvu wa alkidi iliyotokana na utafiti wa kampuni ya General Electric ya Marekani katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Jina lenyewe limeungwa kutokana na gliserini na ftaliki, viambato viwili vya msingi vya utomvu wake. Haikubuniwa kwa ajili ya magari. Ilikuwa ya kufunikia nyaya na sehemu za ndani za mota za umeme, mahali penye joto, mtikisiko na mvuke wa mafuta, na mafundi wa injini waliona kwamba mazingira hayo hayatofautiani sana na ya chumba cha krenki. Enameli nyingine ya alkidi ya kufunikia mota za umeme inaweza kutumika pia, mradi maelezo ya mtengenezaji yaseme wazi kwamba inastahimili oili ya moto na joto lisilopungua nyuzi 130.

Rangi za makopo ya kupuliza zinazouzwa kwa ajili ya bomba la moshi hazifai hapa, ingawa lebo yake hutaja joto kubwa la kutisha. Nyingi ni za silikoni, nazo hukomaa zikifikishwa kwenye nyuzi 200 au zaidi. Oili ya injini hufanya kazi kati ya nyuzi 90 na 120 hivi, kwa hiyo rangi hiyo haipati kamwe joto la kuikomaza, na rangi ya silikoni isiyokomaa hulainika ikiguswa na petroli au oili. Rangi ya nyumba haifai hata kujadiliwa. Praima nayo haihitajiki: enameli ya alkidi hupakwa moja kwa moja juu ya chuma kitupu, na kila tabaka unaloongeza chini yake ni mahali pengine panapoweza kuachana.

Maelezo haya yote ni ya bloku za chuma. Bloku ya alumini haina kutu ya kuogopewa, rangi huishika kwa shida bila matayarisho maalumu, na ushauri wangu ni kuiacha ilivyo.

Panapopakwa na pasipopakwa

Panapopakwa ni kuta za chumba cha krenki, dari yake kati ya silinda, bonde la tapeti (vijiti vinavyosukumwa ili kufungua vali) katika injini za V, chumba cha tapeti cha pembeni katika injini za mstari mmoja, na upande wa ndani wa kifuniko cha gia za kamshafti (mhimili unaosukuma tapeti) kama ni cha chuma. Baadhi ya mafundi huendelea hadi sehemu ya juu ya silinda hedi inapokaa mikono ya vali. Inakubalika, lakini hapo rangi hupata joto zaidi na mimi huiacha.

Pasipopakwa ni pengi zaidi, na orodha yake haina mzaha: silinda, makalio ya beringi za krenki pamoja na vifuniko vyake na kingo zinazoshikilia vifuniko hivyo, matundu ya beringi za kamshafti, matundu ya tapeti, tundu la distribyuta, uso unaokaa pampu ya oili, tundu la vali ya kupunguzia presha ya oili, nyuso zote za gasketi, matundu yote yenye nyuzi za boliti, na njia zote za oili zinazopita ndani ya chuma. Hata unene wa maikroni 30 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) chini ya kifuniko cha beringi kuu hubadilisha nafasi ya oili ambayo fundi wa mashine ameihesabu kwa uangalifu. Vyumba vya maji navyo visiguswe. Humo rangi hupunguza upitaji wa joto kutoka kwenye chuma kwenda kwenye maji, na ikibanduka huziba rejeta.

Mpangilio wa kazi nzima

Upakaji una mahali pake maalumu katika mfululizo wa kuunda upya injini, na anayekosea mpangilio hulazimika kurudia. Ukaguzi wa nyufa hutangulia, kwa sumaku na unga wa chuma au kwa kupima vyumba vya maji kwa presha, kwa sababu rangi huficha ufa na ukishapaka huwezi kuutafuta tena kwa urahisi. Kisha hufuata uoshaji mkubwa, kuziba au kushona nyufa, kuchonga silinda, na kunyoosha mstari wa beringi kuu.

Injini za zamani zaidi, zikiwemo za Ford Model T na Model A, hazina beringi za kupachika. Metali nyeupe ya babiti humiminwa moja kwa moja kwenye bloku na kuchongwa. Umiminaji huo huhitaji chuma kipashwe moto kwa mwali wa gesi, nao huunguza rangi iliyo karibu, kwa hiyo babiti imiminwe kwanza na rangi ifuate. Joto la kukomazia rangi liko chini sana ya joto linaloyeyusha babiti, hivyo tanuri haliidhuru.

Rangi ipakwe baada ya uchongaji huo wote na kabla ya usuguaji wa mwisho wa silinda. Usuguaji hutoa vumbi la mawe na la chuma, nalo huoshwa kirahisi zaidi likitua juu ya enameli laini kuliko likitua juu ya chuma chenye mikwaruzo. La kukumbukwa ni kwamba bloku iliyopakwa haiwezi kurudishwa kwenye pipa la kostiki soda, yaani magadi makali ya kuoshea. Alkidi imejengwa kwa viungo vya aina ileile inayovunjwa na magadi makali yanapogeuza mafuta kuwa sabuni, na pipa hilo litaivua rangi yote au, vibaya zaidi, litaivua nusu.

Hatua ya kwanza: kuvua kila kitu

Toa krenki, kamshafti na beringi zake, tapeti, vizibo vya vyumba vya maji, na vizibo vyote vya njia za oili, hata vile vilivyokaa tangu kiwandani na vinavyoonekana kama sehemu ya bloku. Kizibo kisichotaka kutoka kipashwe moto pembeni yake, kiguswe kwa nta inayoyeyuka ikanywewa na nyuzi, kisha kizungushwe taratibu. Nyuma ya vizibo hivyo ndipo tope la miaka huwa limejificha. Vifuniko vya beringi kuu vitiwe alama ya namba na upande kabla havijatoka, kwa sababu havibadilishani nafasi.

Ukikuta rangi ya zamani ndani, usifurahie kwamba nusu ya kazi imefanyika. Rangi ya miaka 60 au 70 haifai kuwa msingi wa rangi mpya. Itolewe yote, bila kuisugua ikiwa kavu, kwani rangi za enzi hizo huweza kuwa na risasi na vumbi lake ni sumu.

Hatua ya pili: kuosha, kisha kuosha tena

Bloku ya chuma huoshwa vizuri katika pipa la moto la kostiki soda la fundi wa mashine, au huokwa katika tanuri la kusafishia na kupigwa chembe za chuma. Njia ya pili hutoa uso unaoshika rangi vizuri mno, lakini chembe zile hujificha kwenye njia za oili, na moja tu ikifika kwenye beringi huikwaruza. Baada ya hapo bloku igeuzwe pande zote, igongwe kwa nyundo ya mbao, na kila njia ipulizwe hewa kutoka pande zote mbili.

Kisha fanya mwenyewe kazi ambayo hakuna mashine inayokufanyia. Chukua brashi ndefu nyembamba, za ukubwa unaolingana na kila tundu, maji ya moto na sabuni ya kuondolea mafuta, na usugue kila njia ya oili kutoka mwanzo hadi mwisho hadi povu litoke jeupe. Suuza kwa maji mengi ya moto. Maji ya moto yana faida nyingine: chuma huwa na joto na hukauka chenyewe. Malizia kwa hewa ya kompresa mara moja, kwa maana chuma kitupu kilicholowa huanza kupata kutu ya rangi ya chungwa ndani ya dakika chache. Usikipake oili ya kuzuia kutu, wala kinyunyizo chochote cha kulainisha. Ukifanya hivyo umerudi mwanzo.

Hatua ya tatu: kukwangua

Kwa mashine ndogo ya kuzungusha yenye kichwa cha kabidi, ondoa midomo ya chuma iliyobaki kwenye maungio ya kalibu, vipele, na kingo kali za matundu ya kurudishia oili. Palipo na mchanga uliong'ang'ania, ukwangue hadi uone chuma king'aacho. Usijaribu kung'arisha ukuta mzima. Rangi inahitaji uso wenye ukali kiasi ili ishike, na chuma ulichokwangua nje ya sababu ni chuma ulichokipunguzia nguvu bure. Karibu na makalio ya beringi na kwenye mbavu zinazoyashikilia, usikwangue kabisa. Hatua hii ikiisha, osha tena kama ulivyoosha katika hatua ya pili.

Hatua ya nne: kuitoa bloku jasho

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na kwa maoni yangu ndiyo inayoamua kama rangi itadumu. Bloku iliyooshwa na kukaushwa, ambayo kwa macho ni safi kabisa, iweke kwenye tanuri na uipandishe polepole hadi nyuzi 120 au 150, kisha iache hapo saa moja baada ya chuma chenyewe kufika joto hilo. Ukiitoa na kuitazama kwa mwanga wa pembeni, utaona madoa meusi yenye unyevunyevu yakijitokeza, hasa kwenye kona za dari na kuzunguka vishina vya matundu ya boliti. Hiyo ni oili iliyofyonzwa na chuma kwa miongo kadhaa, sasa imekuwa nyepesi na inatoka yenyewe.

Iache ipoe hadi uweze kuigusa bila kuungua. Hapo ufute kwa asetoni na vitambaa vyeupe visivyoacha nyuzi, ukibadilisha kitambaa kila kinapochafuka. Asetoni isikaribie chuma kilicho moto, kwani mvuke wake hushika moto upesi. Kisha rudisha bloku kwenye tanuri. Bloku moja ya silinda sita niliyoifanyia kazi ilitoa jasho mara nne. Mara ya tatu nilishawishika kuiacha, kwa kuwa doa lililobaki lilikuwa dogo kuliko sarafu. Acha kurudia pale tu kitambaa kitakapotoka bila kivuli.

Hatua ya tano: kuziba na kufunika

Matundu yenye nyuzi yafungwe kwa boliti za zamani zilizosafishwa. Njia za oili zizibwe kwa vizibo vya mpira au vya mbao laini, vyenye mkia mrefu unaoonekana kwa nje. Nyuso za mashine zifunikwe kwa tepu ya karatasi ya wapaka rangi, ikandamizwe ukingoni kwa ukucha na kukatwa kwa wembe mpya. Silinda zijazwe karatasi ngumu iliyoviringishwa. Grisi isitumike kufunika chochote, maana hutembea.

Hesabu vizibo unavyoviweka na uandike idadi yake kwenye bloku kwa chaki. Nasema hivyo kwa uchungu. Wakati fulani nilikata kizibo cha mbao kikiwa kifupi, kikaingia ndani ya tundu linalopeleka oili kwenye beringi kuu ya nyuma, nami sikukiona tena. Injini ilifungwa yote. Nilikigundua nilipozungusha pampu ya oili kwa drili kabla ya kuwasha: beringi zote zilidondosha oili isipokuwa hiyo moja, ambayo ilibaki kavu kana kwamba haihusiki. Injini ilifunguliwa upya kwa sababu ya kijiti kisichofika sentimita mbili.

Hatua ya sita: kupaka

Mvuke wa rangi hii na wa zailini inayotumika kuipunguza uzito ni hatari kwa mapafu na hushika moto kwa urahisi. Fanya kazi mahali penye hewa inayopita, mbali na mwali na cheche, ukiwa umevaa barakoa yenye vichujio vya kaboni vya kuzuia mvuke wa kemikali, glavu za nitrili na miwani. Barakoa ya vumbi haisaidii kitu.

Bloku iwe na uvuguvugu, nyuzi 30 hadi 40 hivi, yaani mkono ukiwekwa juu yake uone raha. Chuma baridi huvuta unyevu wa hewa, na unyevu huo hubaki chini ya rangi. Ifunge kwenye stendi inayozunguka, ili sehemu unayopaka iwe daima chini yako kama sakafu. Anayepaka dari akiwa ametazama juu huacha matone yanayoning'inia, na tone ni mwanzo wa ganda.

Napendelea brashi kuliko bunduki ya kupulizia. Bunduki hupeleka ukungu wa rangi mahali pasipotakiwa na huacha kona kavu, ilhali brashi huisukuma rangi ndani ya vinyweleo. Tumia brashi fupi yenye nywele ngumu za asili, na kabla ya kuichovya ivute nywele kwa vidole mara kadhaa mpaka isitoe nyingine. Tabaka la kwanza lipunguzwe kwa zailini kiasi cha asilimia 10, kama maelezo ya kopo yanaruhusu, na lisuguliwe kwenye chuma badala ya kulazwa juu yake. Anza na kona na nyuma ya mbavu, kisha malizia na nafasi za wazi. Likikauka utaona chuma kikionekana kwa mbali kupitia rangi, jambo lisilopaswa kukutia wasiwasi.

Tabaka la pili lipakwe bila kupunguzwa sana, na liwe la mwisho. Muda wa kungoja kati ya matabaka ufuatwe kama ulivyoandikwa kwenye kopo, kwa sababu enameli za alkidi zina kipindi cha katikati ambapo tabaka lililoanza kukomaa likipakwa rangi mbichi hukunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Jumla ya unene wa maikroni 50 hadi 75 inatosha. Mwenye kuongeza tabaka la tatu ili rangi ing'ae anajitafutia nyufa, kwani rangi nene hukauka juu na kubaki mbichi chini. Baada ya kila tabaka, pitisha waya mwembamba katika matundu ya kurudishia oili ili yasizibwe na utando.

Pamoja na bloku, paka kipande cha chuma cha kusubu kisicho na kazi, kama vile kifuniko cha beringi kilichovunjika, kilichooshwa na kutolewa jasho kwa namna ileile. Hicho ndicho shahidi wako, nacho kiende kila mahali bloku inapokwenda.

Hatua ya saba: kukomaza kwa joto

Rangi ikikauka kiasi cha kutoshika kidole, ondoa tepu na vizibo vyote na uhakikishe hesabu. Tepu ikiokwa, gundi yake hugeuka kuwa gamba lisilotoka. Acha bloku ikae siku nzima katika hewa ya kawaida ili zailini iondoke kwa utulivu, ndipo uiingize kwenye tanuri.

Tanuri liwe la umeme na la karakana. La gesi lina mwali wa wazi, na la jikoni halitafaa tena kwa chakula. Wenye karakana za kupaka rangi ya unga huwa na tanuri kubwa za kutosha. Anza na nyuzi 60 kwa nusu saa, kisha panda polepole hadi joto na muda vilivyoandikwa kwenye kopo, ambavyo kwa enameli za aina hii kwa kawaida huwa katika nyuzi mia na ishirini na kitu au zaidi kidogo kwa saa kadhaa. Muda uhesabiwe tangu chuma kilipofika joto hilo, si tangu hewa ya tanuri ilipofika. Bloku yenye uzito wa kilo 80 huwa nyuma ya hewa kwa muda mrefu, na bila kipimajoto kilichobanwa kwenye chuma hutajua. Ikimaliza, zima na uache ipoe humo humo mlango ukiwa umefungwa. Asiye na tanuri aiache mahali pakavu penye joto kwa wiki mbili au tatu. Itakomaa, ila polepole.

Hatua ya nane: kumhoji shahidi

Chukua kile kipande cha chuma na ukikate kwa wembe mistari sita wima na sita mlalo, ikiwa imeachana milimita mbili, hadi chuma kionekane. Bandika tepu yenye gundi kali juu ya miraba hiyo, ikandamize, kisha ing'oe kwa mkupuo mmoja. Rangi nzuri haitoi mraba hata mmoja, labda vumbi kidogo kwenye njia panda za mistari. Sugua sehemu nyingine kwa kitambaa chenye petroli mara 30. Kitambaa kikitoka chekundu sana, rangi haijakomaa na bloku irudi kwenye tanuri. Mwisho, kizamishe kipande katika oili iliyopashwa hadi nyuzi 110 kwenye jiko la umeme, nje ya nyumba, kwa saa tatu au nne, kipoze, kisha rudia jaribio la tepu.

Shahidi akishindwa, bloku nayo imeshindwa. Usijaribu kukarabati sehemu moja. Irudishe kwenye pipa la kostiki soda ivuliwe yote na uanze tena na hatua ya pili. Ni hasara ya wiki, tena ya kukera, lakini ni nafuu kuliko krenki mpya ya injini ambayo haijatengenezwa tangu kabla hujazaliwa.

Usuguaji wa mwisho, kuoshwa na kufunga

Bloku iliyofaulu huenda kwa fundi wa mashine kwa usuguaji wa mwisho wa silinda, na aambiwe kwa maneno na kwa maandishi kwamba haitiwi tena kwenye kostiki. Ikirudi, ioshe kwa maji ya moto na sabuni kama mwanzo. Enameli iliyokomaa haidhuriwi na maji hayo. Silinda zisuguliwe kwa sabuni hadi tishu nyeupe isipate kijivu, kisha zipakwe oili nyepesi papo hapo. Pitisha tapu (chombo cha kukatia nyuzi za boliti) katika matundu yote yenye nyuzi, kwangua kwa wembe rangi yoyote iliyovuka kwenye nyuso za gasketi, na angalia kingo zote za rangi kwa mwanga wa tochi: ukingo ulionyanyuka hata kidogo ukatwe hadi pale rangi inaposhika.

Kabla injini haijawashwa, zungusha pampu ya oili kwa drili inaporuhusu, ukitazama kila beringi inavyotoa oili. Baada ya saa ya kwanza ya kazi, mwaga oili ikiwa bado moto kupitia kitambaa cheupe. Ukipata nafasi ya kushusha sampu bila kuharibu gasketi, itazame pamoja na chujio la pampu. Injini nyingi za enzi hizo hazina chujio la karatasi, zina wavu wa waya tu, na sumaku ya kizibo cha sampu hushika chuma lakini haishiki rangi. Unachotafuta kwenye kitambaa ni vipande vyekundu vyenye kingo kali. Chembe mbili tatu za vumbi jekundu katika mara ya kwanza ni mabaki ya ukataji wa kingo. Rudia ukaguzi baada ya kilomita 500, na safari hii kitambaa kisiwe na wekundu wowote.